Kuku Walioacha Kukua

Millicent Ayuma si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele kidogo utatamani kumzaba kofi, na mimi jirani yake nilitamani. Alikuwa tu amesoma juzijuzi, na elimu yake ilikuwa bado mbichi kama rangi ya mlango, ukipita karibu lazima ikuchafue.

Mimi naitwa Mama Mbinya. Nyumba yetu na ya kina Millicent hapa mtaa wa Tena, Nairobi, zinagawana ukuta wa nyuma, mfupi kiasi kwamba ninapoanika nguo naona kila kinachoendelea uani kwao hata nisipotaka. Na sina haja ya kudanganya, mara nyingi nataka. Yale ambayo sikuyaona alinisimulia mwenyewe, akiwa ameketi kwenye kigoda changu jikoni, macho sakafuni.

Baba yake, Mzee Mulongo, alistaafu reli. Mama yake, tunayemwita Mama Milli, alistaafu ofisi za kanjo, yaani baraza la jiji, akasema hawezi kukaa bure akitazama runinga mpaka afe. Akanunua vifaranga hamsini wa kienyeji, wale walioboreshwa, majogoo na majike pamoja, akawajengea kibanda cha mabati uani. Wa kuwahudumia alikuwa Patrobas.

Patrobas Kweyu ni mtu wa kwao, wa upande ule wa magharibi ambako wakikukaribisha tu, kuku wanaanza kukimbia. Anaishi mtaa wa mabanda wa Mathare na mke wake Khalayi, na kila asubuhi alikuwa akija Tena kwa miguu. Akimaliza kuku wa kina Milli alikuwa akiingia kwetu kuosha tangi, anakwenda kwa mwingine kufyeka ua, anambebea mwingine mitungi ya maji. Hana barua ya kazi wala mkubwa wa kumtetea. Alichokuwa nacho ni jina lake. Patrobas ungemwachia ufunguo ukasafiri, ukarudi ukakuta hata kijiko hakijageuzwa upande. Kwa jina hilo alikula, na mke wake akala.

Millicent alimwita Anko tangu akiwa darasa la kwanza, siku zile Patrobas alipokuwa akimvusha barabara na kumbebea begi.

Sasa basi, Millicent anasomea shahada ya pili ya takwimu, na alihitaji data ya kuandikia. Wenzake walichukua ya mtandaoni. Yeye akatazama nje ya dirisha akaona kuku. Kila Jumamosi, akasema, washikwe kuku kumi, wapimwe mmoja mmoja kwenye mizani tangu wakiwa vifaranga hadi wakomae. Patrobas alishika, Mama Milli alisoma mizani, na Millicent aliandika kwenye simu. Ilikuwa furaha kuwatazama. Mara nyingine Patrobas alimkosa kuku akakumbatia hewa, na wote watatu wakacheka mpaka nami ukutani nikacheka.

Aliwahi kunieleza kazi yenyewe nikiwa nachambua mboga, na nilielewa zaidi ya alivyodhani. Kuku hakui kwa mstari ulionyooka. Huanza polepole, katikati anafura haraka mpaka unashangaa, halafu anapunguza mwendo hadi afike uzito wake wa mwisho atulie hapo. Ukichora, unapata mstari uliopinda. Fomula yake inaitwa Gompertz, na ndani yake mna namba tatu zisizojulikana. Moja ni dari, yaani uzito ambao kuku hatapita. Nyingine inasema alichelewa kiasi gani kuanza, na ya tatu inasema kasi yake. Kazi ni kutafuta namba tatu zitakazoufanya mstari upite karibu kabisa na vipimo vyako.

Na huwezi kuzipata kwa mkupuo mmoja. Kuna programu inayoitwa R. Unaipa namba za kuanzia, za kubahatisha, nayo inazisogeza kidogo, inapima umbali kutoka mstari hadi vipimo, inazisogeza tena, raundi baada ya raundi, mpaka kusogeza zaidi kusisaidie. Millicent alisema ni kama baba yake na ile redio yake ya zamani, anavyozungusha kitufe taratibu huku akisikiliza kelele zikipungua.

"Lakini ukianzia mahali mbaya, Mama Mbinya," akaniambia, "unaweza shika stesheni ingine kabisa. Na inasikika clear."

Kumbuka kwamba aliyasema haya kwa mdomo wake mwenyewe.

Muuzaji wa vifaranga alikuwa ameahidi kilo mbili na zaidi. Kwa hiyo vipimo vilipokuwa vya kutosha, Millicent alianza na dari ya kilo mbili na nusu. R ikakataa. Ikamtolea maandishi mekundu, "singular gradient", ambayo kwa lugha ya jikoni ni kwamba mashine imefika mahali haijui isogee wapi. Akabadilisha namba, ikakataa tena. Akawa anashusha dari kidogo kidogo, na hatimaye ikakubali na kutulia kwenye kilo moja na robo. Hakuamini. Akaanzia juu, akaanzia chini, akaanzia mahali pa kipuuzi kabisa, na kila ilipokubali ilirudi pale pale. Mtu akipata jibu moja kutoka kila upande, ni vigumu sana kumwambia kitu.

Mwenzake wa darasani anayeitwa Hanad alimwandikia kuuliza kama mashine imetulia: "Niaje Milli, imeconverge?"

"Imeconverge fiti."

"Umecheki residuals?"

Hizo ni zile tofauti zinazobaki kati ya kila kipimo na mstari, na ndizo hukuonyesha kama kuna jambo mstari haukuliona. Millicent alijibu kwamba ziko sawa. Hakuwa amezifungua.

Alikuwa anawaza hiyo kilo moja na robo. Chakula kinanunuliwa gunia baada ya gunia, chanjo kuku wamepata, maji yapo. Mbona wameacha kukua wakiwa bado wadogo? Angeweza kukaa na swali lake siku mbili tatu, halafu amuulize mama yake kwa upole huku wakinywa chai. Hakukaa. Alijiuliza ni nani anayebaki peke yake na gunia kila asubuhi, na hapo akaona ameshapata jibu.

Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa naanika mashuka. Millicent aliweka laptopu juu ya pipa la maji, akaigeuza kuelekea kibanda.

"Patrobas, hebu njoo uone."

Hakusema Anko. Alisema Patrobas. Niliacha shuka likining'inia nusu.

Patrobas alikuja akijipangusa mikono kwenye suruali, akainama mbele ya kioo kama mtu anayechungulia dirisha la watu.

"Hii ni nini, Milli?"

"Ni kuku zetu. Ona hapa, zilikuwa zinakua poa. Halafu kutoka hapa zikaacha."

"Zikaacha?"

"Kukua. Na chakula inaisha tu vile huwa inaisha. Sasa niambie, inaenda wapi?"

"Inaenda kwa kuku."

"Data haisemi hivyo."

Mama Milli alikuwa mlangoni pa jikoni. "Milli, labda ni panya," akasema.

"Mama, panya gani anamaliza gunia? Hii kitu nimeiangalia kutoka kila side. Jibu ni moja."

Patrobas alisimama wima. Ni mtu mrefu, lakini siku zote husimama kama anayeomba radhi kwa urefu wake, na siku hiyo aliusimamia wote.

"Mwanangu, unasema mimi nabeba chakula ya kuku napeleka Mathare?"

"Mimi sijataja Mathare. Ni data inaonyesha kuna kitu inapotea."

Hapo ndipo nilipotamani kuruka ukuta. Mtu akikuita mwizi, utagombana naye, utaapa, utaita mashahidi. Hiyo data ungeijibu nini? Patrobas alimtazama Mama Milli, akangoja. Miaka yote aliyoingia na kutoka katika ua ule ilikuwa inangoja pamoja naye. Mama Milli alikuwa anatazama kioo cha laptopu, na uso wake ulikuwa ule ule aliokuwa nao siku Millicent alipovaa joho.

Patrobas akaketi kwenye ngazi. Akavua gambuti alizopewa na Mzee Mulongo, akazipeleka kwenye mfereji, akaziosha hadi nyayo. Akazipanga kando ya mlango, sawasawa, akavaa ndala zake.

"Kuku hawajapewa maji," akamwambia Mama Milli. Kisha akatoka.

Jioni hiyo hiyo kwenye kundi letu la WhatsApp la majirani uliingia ujumbe wa Mama Milli: *Majirani wapendwa, tuwe macho na Patrobas. Chakula cha kuku kimekuwa kikipotea. Imethibitishwa na kompyuta.* Nyinyi mnajua makundi haya. Vikamiminika vidole gumba na viganja vya kuomba. Mmoja akakumbuka karai lake lililopotea. Mwingine akakumbuka ndala ya mtoto ambaye sasa yuko chuo kikuu. Mimi sikuandika kitu, ila nilifunga lango letu, na sijui kama hilo ni afadhali.

Patrobas alirudi Jumatatu kwa ajili ya nyumba nyingine. Kila lango lilikuwa na sababu yake, huku tangi limeshaoshwa, kule ua hauhitaji kufyekwa sasa, kwingine mwenye nyumba hayupo na sauti yake inasikika ndani. Alikuja tena mara chache, akizunguka, akisalimia. Halafu akaacha kuja.

Wiki zilipita. Mama Milli alipata habari kwamba Mchungaji Zedekiah angekuja kula chakula cha mchana siku ya Jumapili. Jumamosi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kushika kuku, Millicent aliingia kibandani mwenyewe, amevaa zile gambuti ambazo zilimzidi. Nilikuwa naanua nguo.

"Mama, huyu hapa?"

"Si huyo."

"Huyu je?"

"Millicent! Mchungaji utampa hicho kifaranga? Shika yule jogoo mwekundu, yule anatembea kama mheshimiwa MCA."

"Kwani lazima akuwe mkubwa?"

Mama Milli akacheka kwa dhati. "Mgeni unamtafutia mkubwa kabisa, kwani wewe umelelewa wapi? Kila wakati mimi huchagua mkubwa. Wewe hapa Jumapili zote umekuwa ukila nini, upepo?"

Millicent alimshika yule jogoo baada ya vurugu nyingi. Na kwa mazoea tu, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na mizani ilikuwa pale pale, akampima. Nilimwona akisoma. Nilimwona akimtoa, akisubiri mizani itulie, akimrudisha. Kilo mbili na robo. Yule jogoo aliipita dari kwa kilo nzima na bado alikuwa anapiga mabawa.

Akageuka akatazama kibandani. Aliniambia kwamba ndipo alipoona kitu ambacho mtu yeyote asiyesoma angekiona akipita, kwamba kuku waliobaki karibu wote ni majike, majike na vimbaumbau wachache waliochelewa. Majogoo walikuwa wapi? Majogoo ndio waliokuwa wakikimbilia juu, wakivuta mstari kuelekea zile kilo mbili alizoahidi muuzaji, na kila jogoo alipofikia ukubwa wa kumfaa mgeni, alichinjwa. Jumapili baada ya Jumapili, akina shangazi kutoka Kakamega, kamati ya matanga, wazee wa kanisa. Jumamosi iliyofuata wakapimwa waliobaki. Bila shaka wastani uliacha kupanda. R haikukosea hata chembe, ilitafuta kwa bidii ikapata kile ilichopewa. Kuku hawakuwa wameacha kukua. Waliokua waliliwa, na yeye alikuwa mezani, tena hupenda paja.

Aliingia ndani akafungua zile residuals alizomwambia Hanad ziko sawa. Vipimo vya wiki za mwisho vilikuwa vimejipanga chini ya mstari, kimoja baada ya kingine, vikishuka. Vilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Angetazama kidogo tu kabla hajafungua mdomo pale kwenye pipa, angeviona. Aibu ilimjia kwanza masikioni, alisema. Masikio yalimchoma hadi akayashika.

Wewe unadhani alitoka mbio kwenda kumtafuta Patrobas? Mimi nilidhani hivyo. Jumapili alikaa mezani. Mchungaji Zedekiah alimsifu jogoo, akamsifu mpishi, akauliza kwa ule upole wa mtu aliyeshiba, "Na yule bwana wa chakula cha kuku, iliishaje?"

"Alienda zake, Mchungaji," akajibu Mama Milli. "Milli ndiye alimshika, na kompyuta."

"Mungu akuzidishie hekima, binti yangu."

Na Millicent, paja likiwa sahanini, akasema, "Amina."

Alisema Amina! Aliponisimulia hapo nilisimama nikaenda kukoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa, ili nisiseme neno ambalo ningelijutia. Yeye mwenyewe alisema kwamba kumshtaki Patrobas kulikuwa kosa la kutojua, lakini ile Amina aliitoa akijua, na hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi.

Walipokuwa wanaosha vyombo alimweleza mama yake. Mama Milli akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono ina povu.

"Kwa hivyo mimi nilikuwa nachinja hesabu yako?"

"Mimi ndiye sikuuliza, Mama."

"Na nimeandika kwa group." Akajipangusa povu. "Tuache tu, Milli. Watu wameshasahau."

"Yeye hajasahau."

Jumatatu alikuja kwangu kuniuliza Patrobas anaishi wapi. Miaka yote ya Anko, na hakujua mlango wake. Mimi niliujua kwa sababu Khalayi aliwahi kuugua nikaenda kumwona. Nilimwelekeza ashuke Mathare kwenye njia ya kuelekea mtoni, aulize kwa Khalayi anayekaanga mandazi. Nikamtazama akiondoka na mfuko wake wa sukari, majani na mkate, amekaza shingo.

Alimkuta Patrobas ameketi nje kwenye jiwe, mchana kweupe, saa ambayo zamani angekuwa juu ya tangi la mtu.

"Milli! Karibu, mama. Ingia, ingia."

Alisema hivyo kana kwamba hakuna lililotokea. Khalayi ndani aliitikia salamu bila kuinua macho kutoka kwenye unga aliokuwa anachekecha. Nyuma ya mlango palikuwa na kuku jike, mguu mmoja umefungwa kwa kamba ya kitambaa.

"Anko, nimekuja kwa sababu..."

"Utasema ukishakula."

"Anko, sikukuja kula."

"Sasa utapita tu kama mtu wa sensa? Kaa."

Akainama akafungua ile kamba. Khalayi akasema neno kali kwa lugha yao, na Millicent akalielewa lote. Khalayi alisema kuku huyu ndiye anayetaga. Patrobas akamjibu taratibu, akatoka nje na kuku na kisu. Millicent alijua hawezi kumzuia. Kukataa kuku ambaye tayari yuko mikononi mwa mwenye nyumba ni kumwambia nyumba yake haifai, na tusi moja alikuwa ameshamtupia.

Kwa hiyo alikaa. Jamani, fikiria ukae hivyo. Maji yachemshwe, manyoya yanyonyolewe, jiko liwashwe, sufuria ianze kutokota taratibu kana kwamba ina siku nzima, nawe una neno kooni ambalo mwenye nyumba amekukataza kulisema. Patrobas alimuuliza habari za baba, na miguu ya Mzee, na masomo. "Masomo yanaendelea," akasema Millicent, akatamani sakafu impokee. Majirani walipita, wakachungulia, wakasalimia. Khalayi alisonga ugali akimpa mgongo, na ule mgongo ulikuwa unaongea.

Hatimaye chakula kikaja. Khalayi alimnawisha mikono, maji yakimwagika zaidi ya yanayohitajika. Patrobas akachukua upawa, akatafuta ndani ya sufuria kwa makini, akatoa firigisi, akaiweka kwenye sahani ya Millicent.

Huenda wewe kwenu firigisi ni nyama kama nyama nyingine. Kwao ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni anayeheshimiwa kupita wote, na zamani wanawake hata hawakuigusa. Kwa Mzee Mulongo hakuna anayeinyooshea mkono. Millicent aliitazama pale juu ya ugali, ndogo, nyeusi, inatoa mvuke, na akalia mbele ya watu wazima bila kuficha uso.

"Siwezi kula hii, Anko. Hukuchukua kitu. Kuku hazikuacha kukua. Ni sisi tulikuwa tunachinja zile kubwa kila Jumapili, halafu mimi napima zile zimebaki. Nilikuita mwizi na mimi ndiye nilikuwa nakula."

Patrobas aliweka mkono juu ya goti. Alichouliza kwanza, Millicent hakuwa amekitarajia.

"Kwa hivyo nilikuwa nawalisha vizuri?"

"Vizuri kabisa. Yule mwekundu alifika kilo mbili na robo."

"Yule mwekundu." Akatikisa kichwa polepole, na kidogo tu akatabasamu. "Nilijua yule atakuwa mzito."

Khalayi ndiye aliyeweka upawa chini. "Sasa unakuja kuambia sisi? Sisi tulikuwa tunajua tangu hiyo siku. Ambia wale wamefunga magate."

Hakuna aliyemsaidia Millicent hapo, na sioni kwa nini angesaidiwa. Akachukua simu, akafungua kundi la majirani, akashikilia kile kitufe cha sauti mbele yao wote wawili. Mimi nilikuwa nachagua mchele simu yangu ilipolia. Ilikuwa sauti yake.

"Majirani, ni Millicent. Kompyuta haikuthibitisha kitu. Ni mimi niliipa vipimo vya kuku waliobaki baada ya sisi kuchinja wakubwa, ikanipa jibu la hao waliobaki, nikamwita mtu mwizi. Patrobas Kweyu hakuchukua hata punje moja ya chakula. Nilijua ukweli tangu Jumamosi na jana nikanyamaza mbele ya mgeni. Mkimfungia Patrobas lango, na mimi mnifungie."

Nyuma ya sauti yake nilisikia kifuniko cha sufuria. Safari hii kundini hapakuwa na vidole gumba wala mtu aliyekumbuka karai. Kisha Mama Milli akaandika: *Ni kweli. Mimi ndiye nilikuwa nachagua kuku. Patrobas, nisamehe.* Mimi nilitoka nikafungua lango letu, ingawa hapakuwa na mtu nje.

Kule Mathare, Patrobas aliomba achezewe ile sauti tena. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Umesema Patrobas Kweyu," akasema.

"Ndiyo, Anko."

"Majina yote mawili."

"Yote mawili."

Akaisogeza sahani karibu na Millicent. "Haya. Sasa kula."

Millicent aliinua macho akaona ile kamba ya kitambaa nyuma ya mlango, imelala sakafuni. Ilikuwa kamba moja tu, wala hapakuwa na kibanda nje, wala kifaranga, wala sauti ya kuku mwingine popote.

"Anko, kwani ulikuwa na mmoja tu?"

"Mgeni tunamtafutia mkubwa," akasema Patrobas. "Na huyo ndiye alikuwa mkubwa."

Millicent akaichukua firigisi, akaitafuna machozi yakimdondokea kwenye ugali, akaimaliza yote. Khalayi alimtazama kwa muda, kisha akamwongezea mchuzi.